Imezima au Iko Muzima?

Kompyuta ya binti yangu ilikuwa na tabia niliyoiona kwa mtu mmoja tu maishani, marehemu baba yake: ikitoka usingizini, haisemi na mtu.

Ukiizima kabisa na kuiwasha upya, inaongea kama mnadi wa mitumba. Lakini ukifunga ule mfuniko wake ikasinzia, halafu ukaufungua, inaamka na picha safi, rangi safi, kila kitu kinacheza. Sauti ndiyo hakuna. Mtu anapanuapanua mdomo kwenye kioo, na wewe umekaa hapo kama daktari wa meno.

"Mama, umegusa nini?" Peninah aliniuliza siku ya kwanza.

Hilo ndilo swali la nyumba yetu. Kitu chochote kikiharibika hapa Erdington, mtaani kwetu Birmingham, hata kama ni treni imechelewa, kwanza huulizwa mama amegusa wapi.

"Nimeisalimia tu," nikamwambia. "Nimeiuliza, umeamkaje? Haikujibu. Umeilea vibaya."

Hakucheka. Peninah ni nesi, na kwa muda mrefu alikuwa nesi wa usiku. Mimi naamka, yeye anaingia kulala. Yeye anaamka, mimi natafuta blanketi. Chakula changu alikikuta kwenye friji kama barua. Sasa wodi yao ilikuwa inatafuta sista mkuu, yule anayepanga zamu za wenzake na kufanya kazi mchana kama binadamu wa kawaida. Mahojiano yalikuwa Alhamisi alasiri, kwa kompyuta, kwa sababu wakubwa wenyewe walikuwa wametawanyika kila mmoja kwake.

Alikuwa ameshajaribu nafasi ya namna hiyo zamani kidogo. Akaangushwa. Walimwambia alijibu vizuri sana, ila alijibu swali ambalo hakuulizwa.

"Safari hii lazima nisikie kila neno, Mama. Kila neno."

"Basi tumia simu."

"Nina michoro ya kuwaonyesha. Na simu yenyewe si unaiona?"

Niliiona. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kama shamba la Kitui wakati wa kiangazi.

Nikuambie ukweli, mimi pia nilikuwa na shida yangu na ububu ule. Kila Jumatatu na Ijumaa napigiwa na Wambui, rafiki yangu wa sokoni Machakos. Yeye Mkikuyu, mimi Mkamba, kwa hiyo tunasengenya kwa Kiswahili, lugha ya taifa. Sasa nikifungua kompyuta namwona Wambui huyo hapo, kitambaa kichwani, anaongea. Yeye ananisikia, mimi simsikii. Kusoma midomo ya Wambui nako haiwezekani, kwa sababu meno ya mbele yaliondoka na hayakurudi.

Ijumaa moja aliongea sana. Nikamfanyia ishara kwamba sisikii. Akaleta uso karibu na kioo, nikajua anapiga kelele. Kisha akasimama, akashika kiuno cha sketi yake, akaivuta juu mpaka kwapani, akatembea hivyo jikoni kwake kama askari. Hapo nilielewa bila sauti. Alikuwa anamsema Papa Norbert.

Papa Norbert ni jirani yetu wa ukuta mmoja, Mkongomani wa Bukavu, shemasi na mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Kiswahili kule Stechford. Mtu mzuri. Sauti kama ngoma. Lakini suruali yake, jamani, mkanda wake ulikuwa unaishi jirani na shingo. Nilikuwa nimemtumia Wambui picha ya kanisani, na Wambui akipata kitu kama hicho hakiachi.

Basi siku hiyo Wambui akitembea na sketi kwapani, nikasikia upande wa pili wa ukuta Papa Norbert anapaza sauti: "Ninasikiya, Baba! Sema! Mutumishi wako iko hapa!"

Nikasema moyoni, Wakongomani kwa maombi wamebarikiwa. Saa nane mchana, hajala, na tayari yuko mbele za Mungu.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema amepata ujumbe nyumbani kwake, kwa sauti ya wazi, kwa Kiswahili safi cha Kenya. Hakusema ni ujumbe gani. Alisema tu kwamba Mungu huangalia hata vitu vidogo ambavyo mtu hakudhani vinaonekana mbinguni. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa natazama kiuno chake. Suruali ilikuwa imeteremka mpaka mahali pake, na mkanda mpya.

Sikuunganisha mambo. Nani angeunganisha?

Jumanne Peninah aliichukua kompyuta tukaenda nayo kwa Hardeep, fundi wa Soho Road kule Handsworth. Mimi nilienda kwa sababu nilitaka ndizi za kupika, na kwa sababu mgonjwa haachwi aeleze ugonjwa wake peke yake. Hardeep hajui Kiswahili, lakini Kiingereza chake cha Birmingham nakielewa kuliko kile cha televisheni. Ananiita anti.

Akailaza. Akaiamsha. Ikaimba! Wimbo wa Kipunjabi, ngoma tupu, mpaka mteja mmoja mlangoni akatikisa mabega. Akailaza tena, akaiamsha tena, ikaimba tena.

"Anti, mashine haina ugonjwa," akasema.

"Hii ni ile ya mgonjwa kupona akifika hospitali," nikamwambia Peninah. "Ikirudi nyumbani itazidiwa kwenye ngazi."

Hardeep akajikuna ndevu. Akatueleza kwamba kompyuta ikiamka, kitu cha kwanza inatafuta wenzake, vile vitu ilivyowahi kushikana navyo bila waya, kama vile mtoto anavyoamka akapapasa kitanda kumtafuta mama yake. Ikimpata mmoja, inampa sauti yote. "Sasa fikirini," akasema. "Nyumbani kwenu kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Peninah akageuka polepole, akanitazama.

"Mimi niko hapa!" nikasema. "Na imeongea nikiwa hapa. Tafuta mwizi mwingine."

Lakini maneno yale yaliniingia. Kwenye basi, ndizi mapajani, nikakumbuka Pasaka. Papa Norbert aliazima kompyuta hii kwa mazoezi ya kwaya, akaishikanisha na ile spika yake kubwa ya kubebeka, kubwa kama debe la mahindi, inayowakawaka taa za buluu. Na spika yenyewe inakaa wapi? Juu ya meza yake, imeegemea ukuta wetu.

Nikamwambia Peninah. Akasema, "Mama, muulize basi kama huwa anaizima." Akaingia kulala, maana jioni alikuwa na zamu.

Nilimkuta Papa Norbert uani, anamwagilia sombe yake, kisamvu cha kwao, ndani ya ndoo za plastiki. Nikasimama kwenye ua wa mbao.

"Papa Norbert!"

"Maman Peninah! Jambo, Maman!"

"Ile spika yako ya kwaya. Imezima?"

"Eeh, Maman! Muzima kabisa!"

"Kabisa?"

"Kabisa, kabisa! Muchana muzima, usiku muzima. Haijapata shida hata siku moja. Mungu ni mwema!"

"Kila wakati," nikajibu.

Nilishangaa kidogo mtu kumshukuru Mungu kwa sababu ya spika kuzima. Lakini wewe ungeishi ukuta mmoja na spika ile, ungeshukuru pia. Nikarudi ndani, nikamwambia Peninah alipoamka: si spika, imezima mchana na usiku, nimehakikisha kwa mdomo wa shemasi.

"Basi sijui," akasema. "Alhamisi nitaizima kabisa, niiwashe upya, niiweke mezani wazi. Ikiwa macho inaongea. Mtu asiifunge. Umesikia, Mama?"

"Nimesikia. Mimi si kompyuta."

Alhamisi ikafika. Peninah aliiwasha mapema, akaijaribu, ikaongea vizuri. Akaiacha mezani imefunguka, akakimbilia chumbani kuvaa. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nimevaa vizuri pia, maana hujui. Nilikuwa nimeamua kuomba kimyakimya bila kugusa kitu.

Kidogo Peninah akatoka chumbani anatafuta blauzi aliyoipiga pasi. Akapita mbele ya kompyuta na petikoti. Akarudi, akapita tena, na petikoti ile ile. Na kompyuta imekodoa lile jicho lake la juu.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mtoto wangu, nesi anayeheshimika, anapita na nguo ya ndani mbele ya jicho ambalo upande wake wa pili wanakaa wakubwa wa hospitali. Nikainuka. Nikaufunga ule mfuniko taratibu, bila kelele. Juu yake nikatandika leso yangu, kwa heshima zaidi.

Peninah alitoka amependeza mpaka nikataka kumpigia vigelegele. Kisha akaiona leso.

"Mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Umeifunga?"

"Ulikuwa na petikoti!"

"Ilikuwa bado haijaunganishwa na mtu!"

"Hilo mlinieleza lini?"

Akaitoa leso, akaifungua, akabonyeza hapa na pale, na wakubwa wakatokea. Mwanamke wa miwani katikati, na wanaume wawili pembeni. Wakatabasamu. Mwanamke akafungua mdomo, akasema kitu kirefu.

Kimya. Kimya cha Wambui.

Peninah akapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi, hawasikii. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akasema tena, akipanua mdomo zaidi, kama vile tatizo ni meno. Peninah akaniangalia. Nimemwona binti yangu akirudi asubuhi kutoka kwenye zamu zenye vifo, sijawahi kumwona na macho yale. Kuizima na kuiwasha kungechukua muda, ile mashine huwaka kama makaa mabichi, na wakubwa hawangojei makaa. Swali la kwanza lilikuwa linapita hapo mbele yetu, zima, na hakuna aliyejua ni swali gani.

Mara ukutani, puu! Kama mtu ameangusha kiti. Kisha mlango wa jirani, kisha hatua, kisha mlango wetu ukagongwa kwa ngumi.

"Maman! Maman Peninah, fungula!"

Nilipofungua, Papa Norbert alikuwa amekumbatia spika kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Taa za buluu zinawaka na kuzima kifuani kwake. Na kutoka tumboni mwa spika sauti ya mwanamke wa Kiingereza, tulivu kabisa, ilikuwa inauliza kama Peninah anawasikia sasa.

"Kuko bazungu mu nyumba yangu!" akasema Papa Norbert, jasho linamtoka. "Banaita Peninah! Mi nabaambia Peninah anaikala pembeni, gongeni kule, lakini habasikiye! Banarudia tu!"

"Papa Norbert! Si uliniambia spika imezima?"

"Mi? Nilikuambia iko muzima!"

"Ndiyo, imezima!"

"Muzima, Maman! Muzima! Haigonjwe! Inaongea! Si unaona inaongea?"

Tukatazamana. Hapo ndipo neno lilipoanguka katikati yetu kama sahani. Kwetu kitu kikizima kimekata moto, kimekufa. Kwake kukata moto ni kuzimisha, na muzima ni yule aliye na afya zake. Nilimwuliza kama spika imekufa, akanijibu iko hai, na wote wawili tukamshukuru Mungu pamoja.

"Lete hapa!" Peninah akaita.

Papa Norbert akaiweka spika mezani kando ya kompyuta. Sauti ya mwanamke wa miwani ikajaa sebuleni mpaka vikombe kabatini vikatetemeka. Wale wakubwa wakacheka. Maana wao walikuwa wametusikia muda wote, bazungu na muzima na kila kitu, ingawa hawakujua maana yake. Mwanamke akafuta miwani, akasema haya, tuanze upya. Akauliza: tueleze wakati ambapo mawasiliano yalivurugika kati ya watu unaofanya nao kazi, na ulifanya nini.

Peninah akafunga macho kidogo. Nilidhani analia. Kumbe anajizuia asicheke, na hakuweza. Akacheka kile kicheko cha kwao Machakos, cha tumbo, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanze kazi za usiku.

"Naweza kuwaeleza la sasa hivi?" akawauliza.

Akawaeleza lote. Kompyuta, spika, ukuta, mama na jirani, neno moja lenye maana mbili. Papa Norbert alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi, na kila akitajwa jina anainama kidogo. Kisha Peninah akaacha kucheka. Akasema: "Mama yangu alisikia neno lake, na jirani alisikia neno lake. Wote wawili walikuwa na hakika, ndiyo maana hakuna aliyeuliza mara ya pili. Wodini wagonjwa wanaumia hivyohivyo. Mgonjwa anasema yuko sawa, nesi anaandika yuko sawa, na kila mtu ana sawa yake. Nikipewa wodi hii, kila anayepokea zamu atarudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, kabla mwenzake hajaondoka."

Yule mwanamume wa kushoto, ambaye mpaka hapo alikuwa anatazama karatasi, akainua kichwa.

Mimi nilimvuta Papa Norbert jikoni. Huko tulikaa tunanong'ona na kumenya ndizi mpaka mahojiano yakaisha.

Jioni ile ile simu ya kioo kilichopasuka ikalia. Peninah aliipokea amesimama, akasema ndiyo, akasema asante, akasema ndiyo tena. Akaishusha. "Nimepata," akasema, kama mtu anayetaja jina la mgeni. Kisha akasema tena kwa nguvu, na vile vigelegele nilivyovibana tangu mchana nikavitoa vyote. Papa Norbert akaanza wimbo hapo hapo, akauimba sauti zote nne peke yake.

"Lazima Wambui ajue," nikasema.

Wakati tunakunywa chai mtu alikuwa ameifunga kompyuta. Sisemi ni nani. Nikaifungua, ikaamka, nikampata Wambui. Na spika bado ilikuwa pale mezani kwetu.

"Mumbua!" ikanguruma, jina langu la kuzaliwa. "Unanisikia? Mumbua! Unanisikia?"

Kikombe cha Papa Norbert kikabaki hewani. Akasimama. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekutana na malaika akinunua nyanya.

"Ni yeye," akasema polepole. "Ile sauti. Ni yeye alisema, 'Unanisikia?' Nikajibu ndiyo, Baba. Akasema, 'Mwambie huyo mzee ateremshe suruali, imefika kwapani, atajinyonga nayo!'"

Peninah akakimbilia jikoni. Nilimsikia anacheka ndani ya kabati.

Wambui kwenye kioo akasogea karibu. "Mumbua, huyo ni nani? Ndiye yule? Mbona suruali yake iko chini?"

"Ilitii," nikasema.

Papa Norbert aliangalia kioo, akaangalia spika, akaniangalia mimi. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno matamu tayari, na sahani ya ndizi kando yake. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, kidogo, kisha sana, akakaa tena. "Na nilitoa ushuhuda!" akasema, anafuta machozi. "Maman, nilitoa ushuhuda! Pasta alitaka kuhubiri juu yake!"

"Na watu walisema amina," nikamkumbusha. "Hiyo hairudishwi."

Akaushika mkanda wake mpya, akaufungua tundu moja, na mbele yangu, mbele ya Wambui wa Machakos, akaivuta suruali juu mpaka kifuani, akaufunga. Akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyerudi kwao. Imekaa huko mpaka leo, na nikuambie, isingekuwepo huko sasa kanisa zima lingeuliza kama anaumwa.

Siku hizi Peninah analala usiku, na jioni tunakula mezani sote, chakula kikiwa cha moto. Alitaka kuiambia kompyuta iisahau ile spika, ambayo imesharudi kwa mwenyewe. Kuna mahali pa kubonyeza, ameniambia, alionyeshwa na Hardeep. Nikamkataza. Kwani ubaya wake nini? Ugali ukiwa tayari, sigongi ukuta wala sitoki nje kwenye baridi. Naifunga kompyuta inasinzia, naiamsha, nampigia Wambui, namwambia aite jirani. Namwona anapanua mdomo, simsikii hata neno. Na upande wa pili wa ukuta nasikia kiti kinasogezwa, na ile sauti kama ngoma:

"Ninasikiya, Maman Wambui! Ninakuya! Umwambiye asizimishe moto!"